Walihamisha kitufe, wakaniletea mwanamke wa baharini mbele ya Pasta

MamaSekretari_Nyawera:
Nina hasira na sitatulia mpaka niandike. Wale watu mnawajua wote, alama yao ndiyo inawasalimia mkiwasha mashini ya kompyuta asubuhi. Jina lao sitaliandika hapa. Wameshiba huko Marekani, wanatafuta cha kufanya, na kila wakikuta kitu kinachokwenda vizuri lazima waking'oe.

Leo asubuhi Pasta wetu amekuja sekretariati yangu kuchapisha programu ya ibada. Pasta mwenyewe! Na wazee wa kanisa nyuma yake. Amesimama karibu na kiti changu, mikono mgongoni, anaangalia kioo pamoja nami. Mashini ilikuwa imejigeuza usiku, ile mizajuri kubwa, yaani kuwekewa toleo jipya, waliyokuwa wananisumbua nayo kila siku. Nikapeleka mshale kona ya chini, kushoto, kutafuta kitufe cha "Démarrer", kile cha kuanzia kila kazi. Kila mtu anayetafuta ugali wake kwa mashini anaijua ile kona. Sikubonyeza kitu! Nilipitisha mshale tu. Papo hapo likafumuka dubwana, likafunika nusu ya kioo: hali ya hewa, bei za hisa za watu tusiowajua, na katikati mwanamke wa sinema amevaa nguo ya kuogelea, amelala kwenye mchanga, anamkazia Pasta macho.

Pasta akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, hii ndiyo unaangaliaka hapa?"

Nilitamani mto Ruzizi unibebe. Nikasogeza mshale, dubwana likajifunga. Mkono ukarudi palepale kutafuta kitufe, maana mkono umezoea. Likafumuka tena. Mwanamke yuleyule! Mzee mmoja wa kanisa akatoa miwani mfukoni, akavaa, akasogea.

Kitufe chenyewe wamekipeleka wapi? Katikati! Kile kitufe kimekuwa kona ya kushoto tangu 1995. Mwaka 2012 wakakiondoa kabisa, watu wakapiga kelele dunia nzima, 2013 wakakirudisha. Mwenye akili angekuwa amefunzwa. Wapi! 2021 wakatoa hii mpya, kitufe kikasukumwa katikati, na ule mstari wa chini wenye alama za programu wakaupigilia misumari hapohapo chini, wakati zamani ukitaka uliupandisha juu, ukitaka uliusimamisha pembeni. Nani aliomba? Nataka jina la mtu mmoja aliyeomba. Bukavu nzima, kuanzia Panzi mpaka Bagira, hayupo.

Na lile dubwana linakula mega zangu za intaneti. Mega ninazozinunua kwa pesa ya kurasa ninazochapa moja moja zinakwenda kushusha picha ya mtu nusu uchi, ili Pasta wangu aniulize kama hii ndiyo ninaangaliaka. Programu ya ibada hakuichukua hata. Alisema atarudi. Jumapili nikae benchi gani?

Kijana_Essence:
Pole sana Mama. Swali moja tu: ile picha bado iko? Mimi pia nina programu ya ibada ya kuchapisha, nakuja mara moja.

MamaSekretari_Nyawera:
@Kijana_Essence mama yako anajua unaandika hivi huku? Mimi ninalia, wewe unacheka.

Papa_Kadutu:
Mama yetu, tuseme ukweli. Hiyo Windows 11 haijigeuzi yenyewe. Kuna mtu alibonyeza ndiyo.

MamaSekretari_Nyawera:
Mimi sikubonyeza, Papa. Na mahali pa kusema hapana wamepaweka wapi? Wameandika "sasa" na "baadaye", basi. Huko si kuomba ruhusa, huko ni kumchosha mtu mpaka akubali. Wakishakuchosha wanakuletea mwanamke mbele ya Pasta.

Fundi_Nguba:
Mama, tulia, hiyo ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kulia, yaani kitufe cha kulia cha souris, kwenye mstari wa chini, mahali patupu, chagua "Paramètres de la barre des tâches". Kuna mahali pameandikwa "Widgets", zima. Dubwana limekwisha. Shuka chini kwenye mambo ya tabia ya mstari, utaona "Alignement", weka "Gauche". Kitufe kitarudi kona yake. Sasa hasira ya nini?

MamaSekretari_Nyawera:
Fundi, asante, nimefanya, dubwana limetoka na kitufe kimerudi kushoto. Lakini unaniambia hasira ya nini? Kama kurudisha ni dakika moja, juu ya nini wao walikihamisha? Wangekiacha palepale, anayetaka katikati akipeleke mwenyewe. Mimi ninajua hiyo njia leo saa kumi. Pasta aliniuliza saa tatu asubuhi. Hiyo "Gauche" itafuta macho ya Pasta?

Yaya_wa_Bagira:
Mama, mimi niko upande wako mia kwa mia. Ya kwako ni kitufe, yangu ni kubonyeza kulia. Zamani ulibonyeza kulia kwenye faili, orodha yote ikashuka mbele yako. Leo wanakupa orodha fupi, na vile vitu tunavyovitafuta wamevifungia ndani ya "Afficher plus d'options". Ile programu yangu ya kufungua faili zilizobanwa imejificha humo. Kila mwanafunzi akileta TFC, ile kazi yake ya kumaliza masomo, kwenye USB ni mibonyezo miwili kwa kazi ya mbonyezo mmoja. Hesabu mwezi mzima uone.

Fundi_Nguba:
Yaya, shika Shift kwanza, kisha bonyeza kulia. Orodha ya zamani inakuja yote.

Yaya_wa_Bagira:
Nimejaribu sasa hivi, imekuja!! Fundi, Mungu akubariki. Lakini angalia dhambi yao: orodha iko, walijua tunaitaka, wakaificha nyuma ya Shift.

Mwanafunzi_wa_Mwisho:
Nitasema kitu na mtanitukana. Mimi hii mpya ninaipenda. Ukipeleka mshale kwenye kile kiboksi cha kukuza dirisha, inakupa mipango ya kugawa kioo. TFC upande huu, PDF ya profesa upande ule, bila kuvutavuta. Tangu 2022 mafolda yanafunguka kwa onglets, moja pembeni ya lingine, ndani ya dirisha moja. Na Bloc-notes, ile programu ndogo ya kuandikia, tangu 2023, inarudisha maandishi hata kama hukuyahifadhi. Umeme wa kwetu Muhungu mnaujua. Juzi ulikatika nikiwa katikati ya sura ya tatu ya rasimu. Uliporudi nikafungua, maneno yote yako, mpaka sentensi niliyoiachia katikati. Nilipiga magoti.

MamaSekretari_Nyawera:
Wewe uliona sentensi yako. Mimi Pasta aliona mwanamke. Hatukupata mizajuri moja.

Kijana_Essence:
Mama anataka kurudishiwa heshima, Bloc-notes hairudishi hiyo hahaha

Mzee_Fundi_Redio:
Nyinyi mnalia juu ya kitufe, mna bahati. Yangu wameikatalia mlangoni. Hiyo Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel iwe ya kizazi cha nane kupanda juu, maana yake za 2017 kuja mbele. Mashini yangu ni nzima, klavie nzima, kioo kizima, inachapa barua za mtaa mzima. Na ile ya zamani, Windows 10, waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025, hakuna tena kufunga matundu ya usalama, ila kwa aliyejiandikisha kuongezewa mwaka mmoja mpaka Oktoba 2026. Basi mashini nzima itupwe ziwani kwa sababu ya chipu? Huo ndio wizi wa kulalamikia. Kitufe ni mchezo wa watoto.

MamaSekretari_Nyawera:
Muzee wangu, ninakuheshimu, lakini uzi huu ni wa kitufe. Fungua wa kwako tutakuja kukufariji. Na usiite mchezo, hukuwa pale. Hukuisikia ile sauti. "Hii ndiyo unaangaliaka hapa?" Alivyosema "unaangaliaka", kana kwamba ni kila siku!

Pinguini_Goma:
Ndugu zangu wa Bukavu, mnateseka bure. Tupeni Windows, wekeni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha mashini. Ni bure, ile mashini ya Muzee itafufuka leo, na hakuna anayehamisha kitufe chako usiku.

Papa_Kadutu:
Ilikuwa imechelewa. Kila tukilia mahali, mtu wa Linux lazima aje na Biblia yake.

Fundi_Nguba:
Na asidanganye watu. 2011 GNOME 3, sura mpya ya kioo cha Linux, ilipotoka, nyinyi wa Linux mligombana kuliko sisi. Walifuta menyu, walifuta ule mstari, watu wakalia mpaka wengine wakachukua GNOME 2 na kuiendeleza wenyewe, wakaiita MATE. Ubuntu, Linux nyingine, nayo mwaka uleule ikawalazimisha sura yake ya Unity, ikaja kuiacha 2017. Kila mahali kuna mtu wa kuhamisha vitufe.

Pinguini_Goma:
Fundi, umenisaidia bila kujua. Watu hawakupenda, wakachukua ya zamani wakaendelea nayo. Nyinyi mkikataa mnachukua nini? Mnangoja. Mimi niko kwenye MATE mpaka leo, menyu iko juu kushoto, sijawahi kuitafuta.

Yaya_wa_Bagira:
Na emprimante yako inachapa?

Pinguini_Goma:
Inachapa.

Yaya_wa_Bagira:
Rangi pia?

Pinguini_Goma:
Yaya, rangi ni mambo mengine.

Kijana_Essence:
HAHAHAHA. Amekimbilia Birere kwao Goma.

Lushois_Katuba:
Mambo bandugu. Huku Lubumbashi sisi hatuna nguvu ya kulilia kitufe cha mashini. Mimi nilie juu ya ile programu ya kutumia pesa kwa simu, jina sitasema, mnaijua. Wamebadilisha sura yake. Mahali palipokuwa "tuma" pamekuwa "nunua mega". Vidole vinajua njia, unaminya, unaminya, unaweka namba ya siri. Nilikuwa ninamtumia mama dawa. Nikajinunulia mega za mwezi. Mama ananipigia: pesa haijafika. Nimwambie nini, mama nimekununulia intaneti?

Papa_Kadutu:
Hiyo inauma kuliko ya Pasta, tuseme ukweli.

Yaya_wa_Bagira:
Pole sana ndugu. Mama alipata dawa?

Lushois_Katuba:
Alipata, shemeji alikopesha. Lakini nilipiga simu kwa wale wa programu, wakanicheza muziki mpaka salio likaisha. Pesa wakasema hairudi, nimeshakubali kwa namba ya siri.

MamaSekretari_Nyawera:
Pole ndugu. Lakini wewe ulikuwa peke yako na simu yako. Mimi kulikuwa na mashahidi. Mmoja na miwani.

Mwanafunzi_wa_Mwisho:
Mimi na simu pia nilipigwa. Lakini kweli tatizo letu kubwa ni umeme. Kama umeme ungekuwepo, mambo ya vitufe tungeyazoea kwa wiki.

Lushois_Katuba:
Umeme usiniambie. Huku tunazungukwa na shaba, migodi inawaka usiku kama mchana, na Katuba iko giza. Delestaji, umeme wa kukatwa kwa zamu. Wiki hii wanarudisha saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri wanachukua. Mtu anapiga pasi usiku wa manane kama mchawi.

Pinguini_Goma:
Nyinyi angalau unakuja na saa inajulikana. Kwenye parseli yetu tumesimamisha nguzo wenyewe, waya tumenunua wenyewe, mpaka leo tunaangaliana na nguzo.

Mzee_Fundi_Redio:
Bukavu ndiyo msiseme kitu. Maji ya Ruzizi yanapita hapa chini ya miguu yetu, mabwawa tunayaona kwa macho, na jioni tunawasha tochi. Voltaji ikija inakuja imelewa. Nimetengeneza redio za watu kumi na watano Kadutu zilizounguzwa na umeme wa kurudi ghafla.

Papa_Kadutu:
Kweli kabisa Muzee. Friji yangu ilikwenda hivyo hivyo. Sambaza za mke wangu, zile samaki ndogo za ziwa, zote zikaharibika, nyumba ikanuka mpaka kwa majirani, tukagombana nusu usiku kama ni mimi niliiharibu.

Yaya_wa_Bagira:
Papa, hukuweka stabilizateri, lile boksi la kutuliza voltaji?

Papa_Kadutu:
Niliweka. Imeungua ya kwanza, friji ikafuata.

MamaSekretari_Nyawera:
Samahani, huu uzi ulikuwa wa kitufe. Kuna mtu mmoja tu aniambie: Jumapili nimweleze Pasta, au ninyamaze?

Lushois_Katuba:
@Papa_Kadutu stabilizateri za siku hizi ni maboksi matupu. Nunua ile nzito, inayouma mkono ukiibeba. Ikiwa nyepesi rudisha.

Fundi_Nguba:
Na kwa mashini chukueni ondulere, boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, lakini msiunganishe emprimante ya laser juu yake, inavuta sana ikipasha moto, itaizima. Mashini na kioo tu. Betri ikishaanza kulia kila dakika, badilisha betri, usitupe boksi zima.

Mwanafunzi_wa_Mwisho:
Fundi, betri hizo zinapatikana Nyawera au mpaka niagize Goma?

Pinguini_Goma:
Usiagize mbali, niko nazo mbili, zimetumika kidogo. Boti ya kesho inakuletea. Niandikie pembeni.

Kijana_Essence:
"Zimetumika kidogo" ya Goma, mwanafunzi kimbia.

Mzee_Fundi_Redio:
Ukizileta nipitishie kwanza, nitazipima na mita bila kulipwa. Volti kumi na mbili zisizofika hata kumi na moja tumeziona sana hapa.