Supamaketi wataka ukwaju wangu ila watalipa baada ya siku 60, nikubali?

BiUkwaju_Kibokoni:
Asalaam aleykum jamani, natengeneza ukwaju na mabuyu ya chupa hapa Mji wa Kale, Mombasa, mililita 300, nauzia maduka ya huku Kibokoni na vibanda kadhaa vya Mwembe Tayari na alhamdulillah yatoka, Ramadhani ndo siwahi kabisa. Sasa meneja wa supamaketi moja Nyali kaonja kapenda, ataka nipeleke matawi matatu kwa mpigo lakini pesa ni baada ya siku 60 na zisizouzika narudishiwa. Tena ataka alama ya KEBS (wale wa viwango), bakodi na stempu za ushuru za KRA (wale wa kodi). Mume wangu asema tukope tusikose bahati, mimi moyo haujatulia. Na kuna jambo jingine, ukwaju ukikaa nje ya friji siku chache tu kifuniko chaanza kufura.

FundiChupa:
Waaleykum salaam dadangu. Anza na hicho kifuniko, hayo mengine yangoje. Kikifura hamira zingali hai mle ndani, zala sukari zatoa gesi, na kwa joto letu hili mteja akifungua itamrukia kwa buibui. Bahati yako ukwaju ni mkali wenyewe, pH yake (kipimo cha ukali, ikishuka ndo mkali zaidi) iko chini kabisa ya 4.5 kwa hivyo wale bakteria wabaya zaidi hawamei humo, lakini hamira na ukungu haviogopi ukali. Ukishachuja chemsha ifike nyuzi 85, mimina ingali moto kwa chupa ya kioo iliyopashwa (ukimimina kwa chupa baridi yapasuka mkononi), funga, ilaze ubavu dakika mbili tatu kifuniko nacho kipate moto. Chupa za plastiki za kawaida haziwezi, zajikunyata. Kuna wanaotia sodiamu benzoeti, yaruhusiwa kwa kiwango chake ila lazima iandikwe kwa lebo. Mabuyu yapime pH kivyake, kila sufuria.

Mhasibu_Tudor:
Mimi nakuwekea hesabu tu. Tuseme rafuni yauzwa 120, supamaketi akate robo, wabaki na 90. Toa chupa, lebo, sukari, gesi, kijana wa jikoni, tuktuk mpaka Nyali, ushuru na stempu, tuseme zote 70. Ukipeleka chupa 1000 kwa wiki, siku 60 ni wiki nane na zaidi, hapo pesa zako zaidi ya laki tano na nusu zimelala kwa rafu ya mtu na wewe bado wanunua sukari kesho asubuhi!! Na hizo za kurudishwa sijazitoa. Nakumatt, ile supamaketi kubwa, ilipoanguka masupplaya walibaki na madeni ya mabilioni, na wengine walikuwa makampuni makubwa sio mtu wa sufuria mbili. Mkopo wa kumkopesha supamaketi mimi siuelewi.

Kijana_wa_Bamburi:
Mhasibu wamtia mwenzio uoga bure, rafu ya Nyali yakupa jina ambalo kibanda hakikupi. Ila matawi matatu ni mengi, mwambie tawi moja, kreti chache, siku 14, akikataa kabisa mlegezee mpaka 30. Wale huwa waanza na 60 wakijua utabembeleza, wengi huogopa hata kuuliza. Wakati huo huo uzia mikahawa na kumbi za harusi, wale hulipa mkononi. Hoteli za pwani ni nzuri Disemba, ikifika Mei hamna mtu.

Makaratasi nayo si ya supamaketi peke yake, hata kibandani yatakikana. KEBS wana mpango wa biashara ndogo, uliza huo kwanza. Stempu za juisi ziko tangu Novemba 2019, hakuna kukwepa. Bakodi chukua GS1 Kenya, ndio watoaji rasmi, zao zaanza na 616, usinunue namba mtandaoni ukaja kukuta ni ya sabuni ya mtu. Na jina lisajili KIPI (wale wa alama za biashara), daraja la 32 lenye vinywaji, lalindwa miaka 10, kabla halijatoka mjini.

BiUkwaju_Kibokoni:
Shukran sana. Basi namjibu tawi moja na siku 14 tuone atasemaje. FundiChupa, hiyo ya kupima pH nitumie zile karatasi za kubadilika rangi?

FundiChupa:
La, ukwaju una rangi yake wazichafua zile karatasi usome uongo. Nunua mita ndogo ya dijitali maduka ya vifaa vya maabara, na ununue na yale maji yake ya kuisawazisha, wengi huyasahau.