Mjadala: Miguu ya baiskeli inabeba mbio au inaziua?

Pedali_Nzito
Wakuu, naleta hoja mezani. Msimu mzima nimekomaa na baiskeli. Wati (nguvu ya kukanyaga pedali) ninazoweza kushikilia kwa saa moja zimepanda kutoka 250 hadi 280. Nikaingia Ironman, ile triathloni ndefu ya kuogelea, baiskeli kilomita 180 na maratoni, nikiamini mwenye miguu ya baiskeli anashuka akiwa bado mbichi. Zile kilomita 180 nilizimaliza kwa muda mzuri kuliko miaka yote, halafu kwenye maratoni, kilomita ya 28, mapaja yakagoma. Nikatembea. Je, nguvu ya baiskeli inasaidia kwenye mbio au tunadanganyana?

Mguu_Mwepesi
Mnadanganyana. Kwenye baiskeli paja linasukuma tu. Kwenye mbio, kila hatua linapokea uzito wa mwili huku linavutwa, na hapo ndipo nyuzi za msuli zinapoumia. Kilomita za baiskeli hazikuandai kwa hilo. Angalia ubingwa wa dunia wa Ironman pale Kona, Hawaii, 2024: Sam Laidlow alikuwa mtu wa kwanza kumaliza baiskeli ya pale chini ya saa nne, 3:57:22. Nani alishinda? Patrick Lange, mkimbiaji. Na niseme wazi, aliyetembea kwenye maratoni hajamaliza triathloni, amefika tu.

Mama_Spoki
Hebu rudia hiyo sentensi ya mwisho. Mimi nilitembea kilomita 11. Mkono mmoja nimeshika sponji, wa pili nimekandamiza paja kila nikikuta mteremko, maana kushuka kulikuwa kunauma kuliko kupanda. Nilivuka mstari zimebaki dakika tisa muda ufungwe. Wewe uliyekuwa umeshaoga na kulala ndiye wa kuniambia "nimefika tu"?

Mguu_Mwepesi
Dada, sikukutaja. Lakini mchezo unaitwa kuogelea, kuendesha na kukimbia. Hamna kutembea pale.

Kanuni_Kwanza
Soma kanuni kabla ya kufoka. World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, wanaruhusu kukimbia au kutembea. Kinachokatazwa ni kutambaa. Kwa hiyo dada amemaliza, tena kihalali.

Upepo_wa_Mbele
Turudi kwenye hoja jamani. Mguu_Mwepesi umechagua mwaka unaokufaa. Laidlow huyohuyo si alishinda ubingwa wa dunia Kona kwa baiskeli yake?

Mguu_Mwepesi
Hakushinda Kona. Alishinda Nice, Ufaransa, ubingwa wa dunia wa 2023. Kona 2022 alikuwa wa pili, Gustav Iden alimpita kwenye maratoni, akakimbia 2:36:15. Unaona? Tena mkimbiaji.

Upepo_wa_Mbele
Sawa, Nice, nimekosea. Lakini wa pili duniani naye unamwita aliyeharibikiwa? Na 2023 hiyohiyo kwa wanawake, Kona, Lucy Charles-Barclay aliongoza tangu majini hadi mwisho. Wenye mbio walikuwa nyuma yake, hawakumfikia.

Kasi_Fupi
Mnabishania Ironman peke yake. Njoo masafa ya Olimpiki, baiskeli kilomita 40, mbio 10. Olimpiki ya Paris 2024 Alex Yee alimpita Hayden Wilde zimebaki mita mia chache. Mbio ndizo zilizoamua.

Mzee_wa_Gia
Kijana, pale Paris wanaruhusiwa kujificha mgongoni kwa wenzao. Ndani ya kundi upepo unakatwa na wengine. Huyu ndugu alikuwa peke yake na upepo kwa kilomita 180. Usichanganye unga na majivu.

Sasa Pedali_Nzito, nisikilize. Hujakosea kujenga nguvu, umekosea kuitumia yote. Zamani ulikuwa na 250. Ukiendesha kwa wati 200, hiyo ni asilimia 80 ya uwezo wako. Leo una 280, wati 200 zilezile ni asilimia 71. Hapo ndipo mbio zinapopona: kasi ileile, mwili unachoma mafuta zaidi na kutunza glaikojeni, akiba ya wanga mwilini, kwa ajili ya maratoni. Lakini nina hakika hukuendesha kwa 200.

Pedali_Nzito
Shikamoo mzee. Wastani ulikuwa 231.

Mzee_wa_Gia
Marahaba. Basi chukua kalamu. Kwenye tambarare upepo hauna huruma: nguvu unayodaiwa inapanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Kutoka 200 hadi 231 ni nyongeza ya karibu asilimia 16, na kasi inakupa asilimia 5 tu. Kama kwa 200 ungetumia saa tano, umeokoa kama dakika 14. Sasa mtu anayekimbia kilomita kwa dakika 6 akianza kutembea anatumia dakika 10. Kilomita nne za kutembea, umepoteza dakika 16. Faida yote imeondoka na deni juu.

Mama_Spoki
Asante mzee, nimeielewa kuliko miaka mitatu ya kusoma makala. Lakini Mguu_Mwepesi bado hajaniomba radhi.

Mguu_Mwepesi
Nakuomba radhi kwa neno "amefika tu". Lilikuwa la kuumiza na sikufikiria. Ila kwenye hoja sirudi nyuma: mzee mwenyewe amesema kwamba baiskeli ndiyo iliyomuua.

Mzee_wa_Gia
Sijasema hivyo. Nimesema matumizi ndiyo yaliyomuua. Hata wastani unaweza kuficha mambo. Mlimani ulifika wati ngapi?

Pedali_Nzito
Kuna vilima vitatu niligusa 340. Kuna jamaa alikuwa ananipita, sikukubali.

Kasi_Fupi
340 wakati uwezo wako ni 280? Kila ukivuka hapo unachoma wanga mtupu. Wacha jamaa aende, utamkuta kwenye mbio.

Upepo_wa_Mbele
Na kama hukumkuta?

Kasi_Fupi
Basi alikuwa bora kuliko wewe siku ile, na kumfukuza kilimani kusingebadilisha.

Mguu_Mwepesi
Mnamlaumu kwa vilima, mimi nauliza alikuwa anakimbia kilomita ngapi kwa wiki wakati anajenga hizo wati.

Pedali_Nzito
Zilishuka kutoka 50 hadi 25. Muda wote uliingia kwenye baiskeli.

Mguu_Mwepesi
Haya! Ndiyo nilichosema tangu mwanzo. Pumzi imepanda, mapaja hayakuzoea kutua. Pumzi inahama kutoka baiskeli kwenda mbio, ugumu wa kutua hauhami.

Mzee_wa_Gia
Hapo nakubaliana nawe asilimia mia. Ungeanza na hilo tusingegombana.

Mama_Spoki
Mimi nina swali moja ambalo hakuna mwanaume humu ameuliza. Ulikula nini ukiwa kwenye baiskeli?

Pedali_Nzito
Jeli za wanga, moja kila nusu saa. Ila kuna mahali niliacha, nilikuwa najisikia vizuri sana.

Mama_Spoki
Kilomita ya ngapi?

Pedali_Nzito
Ya 110. Nilizikuta nne zimebaki mfukoni nilipovua nguo jioni.