MREJESHO: Wakili aliyejitoa akataka nimalizie ada yote

Habari za Tanga wapendwa. Mwezi uliopita niliwaeleza jinsi wakili wangu wa kesi ya shamba la marehemu baba, kule Pongwe, alivyojitoa kabla ya usikilizwaji kuanza. Tulikubaliana milioni 5, nilishalipa 2, naye akadai 3 zilizobaki ndipo anirudishie jalada na hati ya shamba. Sikuwa nalala.

Nilifuata ushauri wenu: nikamwandikia barua kuomba ankara yenye mchanganuo, kazi moja moja na tarehe yake. Mjomba alinisindikiza hadi ofisini kwake, maana peke yangu ningelia. Nikamwambia kwa heshima kwamba kazi aliyoifanya nitailipa, ila ya mashahidi na majumuisho, yaani hoja za mwisho za kesi, hakuifanya. Na kwamba tukishindwana, Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inatupa njia: ankara inakwenda kwa ofisa wa mahakama kukadiriwa.

Alikaa kimya muda mrefu. Mchanganuo ulipokuja, hati ya madai, maombi ya zuio (amri ya mahakama kwamba shamba lisiguswe kesi ikiendelea) na mahudhurio sita mahakamani vilifika milioni 2 na laki 6. Sikubishana, kwani zuio lile ndilo lililookoa minazi ya baba. Nimelipa laki 6 kwa awamu mbili, nikapewa stakabadhi, na juzi hati ya shamba nimeishika mkononi.

Wakili mpya ameshaingia, na safari hii mkataba unasema ada italipwa kwa hatua. Dada uliyeniambia nidai mchanganuo kwanza, Mungu akuzidishie.