Mnaokuja Kenya Open kupiga selfi, mmetukosea sana

Wadau, nimengoja siku tatu hasira ziniishe. Haziishi, kwa hivyo nasema.

Ijumaa ya mashindano ya gofu ya Kenya Open ya 2025 nilifika klabu ya Muthaiga, Nairobi, saa moja asubuhi na mpwa wangu wa miaka tisa. Tulimchagua mwanagofu mmoja Mkenya tumfuate mashimo yote 18. Simtaji jina, maana kosa si lake na sitaki adhaniwe anatafuta kisingizio.

Ijumaa ndiyo siku ya mchujo. Raundi mbili zikiisha, wanabaki 65 bora na waliofungana nao, wengine wanafunga virago. Anayetemwa hapo hapati hata senti ya zawadi, ingawa mfuko mzima mwaka huo ulikuwa dola milioni 2.5. Kila pigo ni unga wa nyumbani.

Sasa sikilizeni. Jamaa amebakisha kama hatua mbili mpira uingie. Amechuchumaa, amesoma mteremko, kedi wake, yule anayembebea mkoba wa vijiti, amemnong'oneza kitu, amesimama. Kijana wa kujitolea ameinua kibao cha kuomba utulivu kwa mikono yote miwili. Kimya mpaka unasikia ndege mitini. Kijiti kinarudi nyuma, na simu inalia. Sauti ya juu kabisa! Na mwenyewe hakuizima, ALIIPOKEA. "Niko huku kwa gofu, si nilikwambia?"

Mpira ulipita ukingoni mwa shimo ukasimama mbele kidogo. Mchezaji hata hakugeuka. Aliusukuma ukaingia, akauokota, akamkabidhi kedi kijiti bila kumtazama. Kedi alikifuta kwa taulo, akakifuta tena, na hakikuwa na uchafu wowote.

Mpwa wangu akaniuliza, "Anko, kwani yule hakuona kibao?" Mtoto! Nilimwambia mara moja tu asubuhi kwamba mtu akisimama juu ya mpira, nawe simama ulipo na unyamaze. Siku nzima alikuwa akijiziba mdomo kwa kofia yake. Kwa hivyo msiniambie gofu ni ngeni kwa watu. Waliotuharibia ni watu wazima wenye beji za wageni waalikwa shingoni, wametoka kwenye mahema na glasi mkononi.

Nilipomkabili yule bwana alinijibu, "Boss, ni gofu tu."

Gofu tu? Mashindano haya yako tangu 1967 na hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda hata mara moja. Mhispania Seve Ballesteros alishinda 1978, na mwaka uliofuata akatwaa British Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Tangu 2019 yako kwenye ziara kuu ya Ulaya, yaani msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, kwa hivyo vijana wetu wanakutana na watu wanaoishi kwa mchezo huu mwaka mzima. Wengi wa mapro wetu, wachezaji wa kulipwa, walianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Wiki hii moja ndiyo dirisha lao, nawe unawalilishia simu mgongoni!

Na hilo si la pekee. Nyota wa kundi akishamaliza shimo, umati unaondoka mbio huku mwenzake bado ameinamia mpira wake. Watu wanakatiza njia ya mpira wakitafuta picha. Mwingine aliokota mpira uliokuwa bado mchezoni kwenye nyasi ndefu, eti alidhani umepotea. Sheria inaruhusu urudishwe bila adhabu, sawa, lakini urudishwe wapi hasa, na kwenye nyasi zile kila inchi ni muhimu?

Wewe wa shati la samawati, unajijua. Mtafute yule kijana umwombe radhi, klabu anayofanyia mazoezi haijafichika.

Na nyinyi mnaopewa mialiko na hamna haja ya kutazama gofu, mwakani mpeni kedi yeyote pale langoni. Atatembea mashimo yote 18 bila kukohoa.