Naomba ushauri: Kinunu mpaka Karongi kwa kinga (baiskeli), nijiandae namna gani?

Jambo wapendwa, naomba munisaidie mawazo.

Mimi niko Goma. Mwezi ujao nitavuka mpaka nijiunge na kundi la watu wenye wanatembea kwa kinga na gidi (mwenye anaongoza njia) kwenye Congo Nile Trail, ile njia ya Rwanda yenye inafuata ziwa Kivu kutoka Rubavu mpaka Rusizi, kilomita 227. Siku zingine hazinipe wasiwasi. Ile ya Kinunu mpaka Karongi ndiyo inaninyima usingizi ju kule ni mlima baada ya mlima, udongo mingi, mvua ikipita inateleza vibaya, unashuka mpaka karibu na maji halafu unapanda tena yote.

Asubuhi nafanyaga mazoezi kwa barabara ya Sake, lakini kule hakuna vilima vya kutosha, miguu haizoee kupanda. Nilimuuliza gidi, akasema gari ya mizigo itakuwa nyuma, mwenye amechoka anaingia. Ni vizuri, ila mimi natamani sana nifike kwa miguu yangu, na tena sipendi kundi linisubirie kila kilima.

Sasa nyinyi wenye mulishapita huko: hapa Goma ama karibu, nifanyie wapi mazoezi ya kupanda? Na zile kinga wanakodisha kule, vitesi (gia) vyake vinatosha kwa hiyo milima, ama nipeleke yangu niiweke matairi ya meno makubwa?