MREJESHO: Bili ya maji iliyokuwa inakula kodi yangu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nifanyeje na nyumba ya wapangaji sita yenye mita moja ya maji, bili nalipa mimi, na kila mwezi inapanda. Wengi mlisema niweke mita ndogo kwa kila mpangaji. Mmoja akasema nianze kwa kutafuta uvujaji. Huyo nampa tano.

Usiku tulifunga bomba zote, nikasoma mita, nikarudi baada ya saa mbili. Namba zilikuwa zimesogea! Nikatia rangi ya chakula kwenye matangi ya vyoo bila mtu kuflashi. Nusu saa baadaye, rangi ilionekana ndani ya bakuli la choo kimoja. Mpira wa valvu ulikuwa umechakaa, maji yanapita kimyakimya mchana na usiku. Na mimi nilikuwa namshuku mama mwenye watoto wengi. Nimemwomba radhi.

Mita ndogo nimeweka tano tu, kwa sababu wapangaji wawili wanalishwa na bomba moja. Hao wanagawana kwa idadi ya watu. Jumla ya mita ndogo haifikii ile kubwa. Tofauti ni bomba la uani na usafi, nalipa mwenyewe.

Mikataba sikuigusa katikati. Kila inapohuishwa napunguza kodi kidogo, maji wanajilipia. Wawili wamekubali, mmoja bado ananuna.

Umeme kila mtu ana mita yake, ila taa ya ngazi tuliikuta imeungwa kwenye mita ya mpangaji. Imehamishiwa kwangu.