Mwandaaji wa safari ya Badlands, umetuaibisha na hela zetu tunazitaka

Wakuu, sijaja hapa kutulizwa. Nimerudi kutoka hifadhi ya Badlands, South Dakota, na kundi la Wabongo wenzangu tunaoishi Minnesota, na niliyoyaona kule siwezi kunyamaza. Jina la mwandaaji silitaji. Anajijua, na humu ndani huwa anapita.

Naanza na nyati. Wale nyati wa Marekani wenye nundu walikuwa wameshamalizwa kwa bunduki eneo lile, wakarudishwa hifadhini mwaka 1963. Dume linafika kilo 900 na linakimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Tukasimama Sage Creek Rim Road, ile barabara ya vumbi, dume moja liko kando linakula. Jamaa akateremsha watoto wa watu akawa anawasogeza, "karibu kidogo, karibu kidogo tena," apate picha ya tangazo lake. Dume likaacha majani. Likageuka, mkia ukasimama wima. Nyati yule akisimamisha mkia hivyo, ujue amekasirika na anaweza kukuvaa saa yoyote. Mama mmoja akawakwapua wanawe akawarudisha garini, na jamaa anacheka eti anaogopa ng'ombe. Ng'ombe! Mtu amekulia Mara, jirani na Serengeti!

Tukaenda Roberts, kwenye mashimo ya wale kindi wa ardhini wanaobweka. Watu wanawarushia krispi, na yeye ndiye anayegawa pakiti. Kuwalisha ni marufuku. Wale wanyama wanang'ata, na viroboto vyao vinaweza kubeba tauni. Tauni ikiingia inafyeka koloni zima, na kicheche wa miguu myeusi anakufa njaa kwa sababu chakula chake karibu chote ni hao kindi. Kicheche huyu dunia ilidhani ameshatoweka, hadi alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981. Badlands walianza kumrudisha 1994. Kazi ya miaka yote hiyo, wewe unakuja na krispi?

Lililoniuma zaidi ni visukuku. Ile ardhi inamomonyoka kila mvua ikinyesha, mifupa ya wanyama wa miaka milioni thelathini na kitu inachomoza yenyewe. Mwaka 1993 wageni wawili waliona uti wa mgongo umetokeza, wakatoa taarifa. Uchimbaji uliodhaniwa ni wa siku chache ukaenda miaka 15, ikatoka mifupa zaidi ya 19,000. Mwaka 2010 binti wa miaka saba aliona fuvu karibu na kituo cha wageni, akaripoti. Mtoto wa miaka saba! Sisi mtu mzima mwenye ndevu ameokota kipande cha taya, meno yamo, kakifunga kwenye fulana kakitia begini. Nikamwambia arudishe na tuwaite askari wa hifadhi. Mwandaaji akaniambia nisiwaharibie watu safari. Ule ni wizi, kaka, na sheria ya nchi inautambua hivyo.

Na pale Badlands wanakuruhusu kutembea popote, hata nje ya njia. Hifadhi ngapi zinakupa uhuru huo? Kwa tabia hizi wakiufuta tutamlaumu nani?

Kutembea kwenyewe sasa. Kwenye malipo tuliambiwa maji yamo. Njia za kule hazina maji, kivuli hakuna, na jua la Julai mnalijua. Alikuja na katoni moja kwa basi zima. Notch Trail ina ngazi ya magogo inayopanda ukuta wa udongo. Wazee wawili walibaki chini yake na kiu, hakuna aliyewaangalia mpaka tulipoteremka.

Nimeona ametangaza safari nyingine Septemba. Mlioshalipa, ombeni hela zenu leo. Mimi nataka nusu ya hela yangu, kwa ajili ya maji na chakula ambacho hatukukiona, na lile taya lirudi South Dakota kabla mwezi haujaisha. Lisiporudi, picha ninazo na nitaziwasilisha kwa askari wa hifadhi mwenyewe.